Visiki vya Simiyu na Yaliyo Chini Yake

Mwaka 1922 ugonjwa wa malale uligunduliwa Maswa, mashariki ya Mwanza, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu. Mgonjwa alianza na homa, akakonda, akawa anasinzia mchana kutwa, na wengi hawakupona. Dakta H. Lyndhurst Duke, aliyekuwa akiutafiti ugonjwa huo Uganda, alikwenda kuuchunguza, na taarifa yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Mbung'o aliyekuwa akiusambaza alikuwa wa aina ambayo wataalamu walikuwa ndiyo kwanza wanaitambua. Mwaka 1923 ikapewa jina la Glossina swynnertoni, kwa heshima ya Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika.

Hapo ndipo kisiki kilipoingia katika historia ya nchi hii. Mbung'o hawezi kudumu mahali palipo wazi kabisa. Anataka kivuli cha vichaka na migunga, apate pa kutulia jua likiwa kali na pa kuangusha funza wake kwenye udongo laini. Ukiondoa kivuli, umemwondoa. Dawa za wakati ule zilikuwa chache na kali, kwa hiyo watu waliokuwa wametawanyika porini walihamishwa na kukusanywa pamoja, na shoka likafanywa silaha ya afya.

Pori lenyewe halikuwa la tangu enzi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza namna sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilivyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, kisha ndui na njaa vikawapunguza watu. Malisho yalikosa wa kuyala, mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o wakavifuata vichaka. John Ford, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Shinyanga zamani za Waingereza, aliandika mwaka 1971 kwamba Waafrika walikuwa na njia zao za kuishi na mbung'o, na kwamba misukosuko ya mwisho wa karne ya 19 ndiyo iliyozivunja. Kwa maana hiyo Wasukuma waliopelekwa porini na mashoka walikuwa wakiidai tena nchi iliyokuwa yao.

Swynnerton alianza majaribio yake Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kutoa taarifa mwaka 1925. Watemi waliwatoa watu wao kwa maelfu wakati wa kiangazi, kazi za shamba zikiwa zimepungua. Njia mbili zilikwenda pamoja: kukata miti, na kuchoma nyasi mwishoni kabisa mwa kiangazi, zikiwa zimekauka kiasi cha kuwaka moto mkali unaoteketeza machipukizi. Mwaka 1929 ikaundwa idara kamili ya utafiti wa mbung'o, yeye akiwa mkurugenzi. Mwaka 1936 alitoa kitabu kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye, Juni 1938, ndege aliyopanda ilianguka Tanganyika, akafa pamoja na B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara hiyohiyo.

Adui aliyewasumbua zaidi wakataji hakuwa juu, alikuwa chini ya goti. Mgunga ukikatwa Septemba, kisiki hubaki kikavu na cha kijivu, na mtu angeapa kimekufa. Mvua za kwanza zikinyesha, ganda linapasuka ubavuni na machipukizi yanatokeza, manane, kumi, mekundu na laini kwanza, kisha ya kijani yenye miiba. Kabla ya kiangazi kingine, palipokuwa na mti mmoja pana kichaka, na kichaka ndicho anachokipenda mbung'o. Shoka lilikuwa limechukua shina na matawi tu. Mizizi, pamoja na akiba yote ya chakula iliyojiwekea, ilikuwa salama ardhini. Ndiyo maana eneo lililofyekwa lilihitaji kufyekwa tena, na tena, mpaka watu walipohamia na ng'ombe wao na majembe yao, wakalikalia.

Kung'oa kisiki chenyewe kulikuwa kazi nyingine kabisa. Mtu huchimba mtaro kukizunguka, akatafuta mizizi ya pembeni mmoja mmoja na kuikata, kisha akashuka kuutafuta mzizi mkuu, ambao kwa miti ya nchi kavu huzama kuliko urefu wa mchimbaji. Walioshindwa walirundika kuni juu yake na kuuacha moto ule kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa sababu ya mbung'o. Walifanya kwa sababu ya pamba.

Pamba ndiyo iliyowasukuma Wasukuma mashariki. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilitoa mbegu bora kuanzia miaka ya 1930. Mpango wa Maendeleo wa Sukumaland, ulioanza mwaka 1947 makao yake yakiwa Malya, ulichimba malambo na kufungua ardhi mpya. Chama cha wakulima alichokiongoza Paul Bomani tangu mwaka 1952 kikazaa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955. Familia zilihamia Maswa na Bariadi na kulima nchi ambayo wazazi wao waliiogopa. Plau ya kukokotwa na ng'ombe haivumilii kisiki: ulimi wake ukinasa kwenye mzizi, ama unapinda ama nira inakatika, na maksai wanaumia. Kwa hiyo shamba safi likawa shamba lisilo na kisiki hata kimoja, na mkulima aliyeacha visiki alionekana mvivu.

Serikali ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa zaidi kwingineko. Kongwa, katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, makatapila na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta viliangusha miti kwa kasi ya kutisha, lakini mizizi iliyobaki ardhini ikavunja plau moja baada ya nyingine. Mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 35. Waliopanga walikuwa wamehesabu miti. Mizizi hawakuihesabu.

Huku kwa Wasukuma kazi ilifanikiwa, tena ikapita kiasi. Ukataji wa kupambana na mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba, kuni, mifugo mingi na uhamisho wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970 viliiacha nchi uchi. Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ukaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea nusu siku kutafuta kuni, na penye dhiki zaidi walichoma samadi na mabua ya pamba. Mwalimu Nyerere alizuru mkoa huo mwaka 1984, na miaka miwili baadaye ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Ulidumu hadi mwaka 2004.

HASHI ilianza kama miradi mingi inavyoanza, kwa vitalu vya miche. Mafanikio yake makubwa yalitoka kwenye jambo la kale: ngitili. Msukuma mfugaji alikuwa na desturi ya kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuifungua kiangazi kikishika, ili ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia wapate nyasi. Sehemu hizo zilipofungwa tena na kulindwa na wanakijiji wenyewe, na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikitoza faini waliovunja amri, kilichotokea hakikuhitaji mche wowote. Visiki vilichipua. Mizizi iliyowashinda wakataji wa Swynnerton ilikuwa hai bado, ikisubiri kuachwa tu. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta kama 600. Mradi ulipofungwa zilikuwa zimepita hekta 300,000. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na shirika la IUCN ulikadiria kwamba mazao ya ngitili, kuanzia kuni na nguzo hadi asali, dawa na malisho, yalimpatia kila mtu thamani ya dola 14 kwa mwezi. Kwa kaya ya kijijini ya wakati ule hizo zilikuwa fedha za kulipia shule.

Ni vigumu kupata mfano mwingine Tanzania wa kitu kimoja kilichokuwa adui wa serikali kwa miaka 60 kisha kikawa mwokozi wake bila kubadilika hata kidogo.

Muda wote huo, chini ya kisiki hapakuwa na cha kuogopa zaidi ya mawe, mchwa na pengine nyoka. Maji ya kunywa yalitoka visimani na kwenye malambo. Kati ya mwaka 1974 na 1978 mradi wa visima vifupi wa Shinyanga, uliofadhiliwa na Uholanzi, ulichimba mamia ya visima vya pampu za mkono. Maji yalipanda wima kutoka yalipo, na hayakupita chini ya shamba la mtu. Mchimba kisiki wa miaka hiyo aliweza kupiga sururu kwa nguvu zake zote.

Hali hiyo imekuwa ikibadilika upesi tangu Simiyu ilipokuwa mkoa kamili mwaka 2012, ikiunganisha Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Bariadi ikawa makao makuu, na mji wa makao makuu hutaka maji, umeme na intaneti. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, na kebo zake zikafukiwa kandokando ya barabara kuu za nchi. Lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, ilizinduliwa mwaka 2017. Mwaka huohuo Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani, pamoja na fedha za benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, na mchango wa Tanzania yenyewe. Mpango ni kuanza na Busega, Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 2,140,497 katika mkoa huu, na maji yanayowafuata yanakuja kwa mabomba yaliyozikwa.

Yanazikwa wapi? Hasa kandokando ya barabara, na hapo ndipo kisiki na bomba vinapokutana. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, kwa kanuni za mwaka 2009, ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukanda huohuo ndimo kampeni za upandaji miti za miongo mingi ziliposimamisha miarobaini na mijohoro ya kivuli, ndimo wenye maduka wanapopanda mti mbele ya mlango, na ndimo mafundi wanapolaza maji na mawasiliano. Barabara ikipanuliwa mti unakatwa, kisiki kinabaki, na siku moja mwenye kiwanja anakodi vijana wawili wakiondoe.

Mzizi haufuati bomba kwa bahati mbaya. Mtaro wa bomba hufukiwa kwa udongo uliolegezwa, na udongo uliolegea huruhusu hewa na maji kupita kuliko ardhi iliyoshikana pembeni yake. Kiungio kikivuja hata tone, unyevu unakaa hapo kiangazi kizima. Mizizi myembamba inafika kwanza, kisha inanenepa. Ukifukua kisiki cha mwarobaini wa miaka 15 uliosimama juu ya laini ya maji, unaweza kukuta mzizi wa unene wa mkono umelizunguka bomba la plastiki na kulikaba kama nyoka aliyekamata panya. Sasa funga mnyororo kwenye kisiki hicho, uuvute kwa trekta. Kisiki kinatoka na bomba lake.

Mbaya zaidi ni kwamba bomba halikatiki hapo mbele ya macho ya mvutaji. Linachomoka kwenye kiungio mita kadhaa mbali, chini ya kiwanja cha jirani, na maji yanatafuta njia yake kimyakimya kabla ya mtu kuona tope. Siku hiyo mtaa mzima unarudi kwenye ndoo na madumu.

Moto nao, ambao babu zetu waliuamini, umekuwa hatari mpya. Kisiki kilichowashwa hakiishii pale kinapoonekana. Cheche hufuata mzizi mkavu chini ya ardhi, zikitambaa kwa siku nyingi bila moshi wa kuonekana. Bomba la PVC huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi, na la poliethilini huyeyuka likifika 130 hivi. Makaa ya mzizi yanapita mbali sana hapo. Kebo ya mawasiliano haihitaji hata kukatika, ganda lake likiungua inatosha. Kwa kebo ya umeme iliyofukiwa, pigo moja la sururu linaweza kuchukua uhai wa mpigaji.

Na udongo wa Simiyu hauturahisishii. Wasukuma waliugawa kwa majina zamani, kutoka luseni, mchanga mwepesi wa miinuko, kushuka hadi mbuga, udongo mweusi wa mabondeni. Mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, nyufa zikiingia mguu mzima, na kila mwaka bomba linasukumwa na kuvutwa. Kwenye luseni tatizo ni mmomonyoko: laini iliyozikwa kwa kina cha mita moja, baada ya masika kadhaa juu ya mteremko usio na nyasi, inaweza kuwa imebakiwa na udongo wa kufika gotini tu. Kipimo cha siku ya kuzika hakimlindi mchimbaji wa leo.

Nchi nyingine zimejenga utaratibu wa jambo hili. Marekani, ambako mashine za kusaga visiki kwa gurudumu lenye meno zilianza kuuzwa miaka ya 1950, ilianzisha mwaka 2007 namba moja ya simu kwa taifa zima, 811. Anayetaka kuchimba hupiga kwanza, kisha wenye laini huja kupaka rangi ardhini: bluu maji ya kunywa, nyekundu umeme, njano gesi, rangi ya machungwa mawasiliano, kijani majitaka. Mashine ile husaga kisiki kwa kina cha sentimita 20 hadi 30 chini ya uso wa ardhi, na hapo gurudumu halibagui mzizi na waya.

Bariadi, ujuzi wa mahali laini zilipopita unakaa zaidi kwa watu. Yupo fundi wa mamlaka ya maji aliyelaza laini yenyewe, wapo RUWASA vijijini tangu mwaka 2019, wapo TANESCO, TTCL, TARURA na TANROADS wenye barabara zao. Yupo pia mwenyekiti wa mtaa anayekumbuka mtaro ulipita upande gani wa mwembe. Mchimbaji makini huwauliza kabla ya kuinua jembe, kisha anaisoma ardhi. Anatazama chemba na mita za maji na kupiga mstari wa macho kati yake. Anatafuta vigingi vya zege vya kebo. Anatafuta ukanda uliodidimia kidogo, au mstari wa nyasi mbichi mwezi Agosti wakati kila kitu kimekauka. Akianza kuchimba huacha mtaimbo na sururu pembeni, anatumia beleshi, na anachimba mashimo madogo pande mbili za kisiki kabla ya kukigusa. Akikuta utepe wa plastiki wa rangi kali udongoni anasimama hapohapo, maana utepe huo hulazwa juu ya laini kwa ajili yake. Mizizi anaikata kwa msumeno mmoja mmoja, kila mmoja ukiwa umefukuliwa na kuonekana. Havuti.

Mara nyingi jibu bora ni kutokiondoa kabisa. Kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi na kufunikwa udongo huoza polepole, mchwa wakisaidia, na mizizi iliyolishika bomba inalegea yenyewe. Kikichipua, machipukizi yanakatwa yangali laini. Anayeona hiyo ni kazi ya uvivu anafikiri bado kwa macho ya shamba la pamba la mwaka 1955.

Mitaro ya kuelekea Maswa na Meatu itapita katika nchi ya ngitili, na visiki vitang'olewa katika ukanda wa bomba, hilo haliepukiki. Swali ni nini kiachwe kirudi hapo. Nyasi hazina mzizi wa kulikaba bomba, na nyasi ndizo sababu ya ngitili kuwapo tangu mwanzo. Ukanda wa nyasi juu ya bomba, miti ikiachwa ichipue pande zake mbili, unaweza kulisha ndama Septemba na kulinda maji yanayopita chini yao. Vijiji vilivyokubaliana mipaka ya ngitili katika mikutano mikuu ya vijiji vinaweza kuandika ukanda huo katika sheria ndogo hizohizo, na kuuchora kwenye ramani inayobaki ofisi ya kijiji, wakati mitaro ingali wazi na kila mtu anaona bomba lilipolala.